Tishu ya Saa Saba

Kwa Bi Vichupa hakukuwa na kuingia na kutoka na mzigo wako kama maduka ya watu wengine. Ulikuwa ukifika kununua faundesheni anakukalisha kwenye kiti kirefu karibu na mlango, anakufuta taya kwa pamba, anakuchora mistari mitatu ya rangi tatu kutoka shavuni hadi shingoni, kisha anakufukuza. "Kazunguke. Rudi baada ya saa mbili." Ungembembeleza mpaka ukauke koo. Hata kama umetoka mbali, hata kama una harusi jioni ileile, kichupa hupewi mpaka ukatembee na mistari yako usoni, watu wakushangae, jasho likutoke, ndipo urudi akutazame tena pale mlangoni penye mwanga wa jua.

Mwalimu mmoja wa hisabati, mwanamke mwenye uso wa mafuta na ulimi wa wembe, alimgomea siku ya kwanza.

"Nizunguke wapi na uso kama ramani? Mimi wanafunzi wangu wamejaa mji mzima."

"Basi wafundishe jiografia," Bi Vichupa akamjibu, na kumfungulia mlango.

Mwalimu alizunguka. Aliporudi, mstari uliompendeza asubuhi ulikuwa umegeuka rangi ya kutu, wa pili umepauka kama majivu, na ule wa tatu aliouita mbaya ulikuwa umezama kwenye ngozi usionekane ulipo. Tangu siku hiyo akawa mteja, na kila alipokuja alizunguka bila kuambiwa.

Bi Vichupa aliita hali hiyo kuiva. Alisema uso wa mafuta hauaminiki saa ya kwanza, kwa kuwa faundesheni ikishakutana na mafuta inaiva, na huwezi kujua itaivia wapi mpaka uisubiri. Jirani zake kwenye ule ukumbi wa maduka, chini ya jengo la ofisi, walikuwa wanapima rangi kwenye kifundo cha mkono chini ya taa ya bluu. Aliwacheka mpaka machozi. "Mkono una mafuta gani? Unamvika mtu uso kwa kipimo cha mkono!" Yeye alikuwa na kigae cheupe, vichupa zaidi ya sitini vilivyompa jina, vibomba vya kudondoshea, na daftari alimoandika uso wa kila mteja: matone manne ya hiki, mawili ya kile, tone moja la njano, msingi wa maji na si wa mafuta. Majina ya watu yalimpotea. Nyuso hazikumpotea hata moja.

Elimu yote hiyo hakuipata chuoni. Aliipata kwenye uso mmoja tu, wa mdogo wake.

Mama yao alipofariki, Bi Vichupa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mdogo mtu minane. Baba alikuwa ameshatangulia. Yule binti akawa mama bila kuzaa: akasaini karatasi za shule, akasuka nywele, akakesha na homa za mtoto. Wachumba wawili walikuja wakaona kuna mtoto ndani ya nyumba, wakaaga kwa adabu. Hakuwasikitikia, au kama aliwasikitikia hakumwambia mtu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa maisha yake, na alipenda kusema hivyo mbele za watu, na mdogo mtu akawa anainamisha kichwa kwa haya.

Mtoto alipopevuka, uso wake ulianza kutoa mafuta ambayo hayakuwa na mfano wake katika ukoo. Asubuhi ananawa, kabla hajafika shuleni paji la uso linameta. Wenzake wakamwita Kioo, na yeye, badala ya kununa, akalichukua jina na kulifanya lake. "Usinitazame sana," alikuwa akiwaambia, "utajiona ulivyo." Mpaka anaajiriwa mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, hata mawakili wenyewe walikuwa wakimwita hivyohivyo.

Kazi ya mapokezi ndiyo iliyoanzisha yote. Mkuu wa ofisi alitaka sura nadhifu mlangoni, na kila faundesheni aliyopaka Kioo ilikuwa imemgeuka kabla ya chakula cha mchana. Alirudi nyumbani analia, uso una mabaka, kola ya blauzi imechafuka. Wakati huo Bi Vichupa alikuwa muuzaji tu kwenye duka la mtu. Akaanza kuchanganya. Jumamosi, siku ya Kioo kupumzika, alimpaka mchanganyiko mmoja shavu la kulia na mwingine la kushoto saa nne asubuhi, na ilipotimia saa saba mchana akamkandamizia tishu kwenye paji la uso, akahesabu mpaka kumi, akaibandua. Pale mafuta yalipopita, tishu iliacha mwanga upenye. Alizungushia penseli kwenye ukingo wa lile doa, akaandika tarehe na mchanganyiko. Doa likiwa kubwa, dawa imeshindwa. Doa likipungua hata kwa upana wa kucha, wanawake wawili wazima wanarukaruka jikoni.

Miaka kumi na moja walifanya hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi. Bi Vichupa alipofungua duka lake, Kioo akawa anakaa kwenye kile kiti kirefu, na tishu zikawa zinabandikwa ukutani kwa pini, safu baada ya safu, ili mteja mbishi aone kazi inavyofanyika. Doa lilipanda, likashuka, likapanda tena. Uso wa Kioo ulikuwa haushindiki, na tusimwonee Bi Vichupa, ule ushindani ndio uliompa ujuzi. Lakini moyoni alikuwa na kiu moja. Alitaka siku moja ambayo tishu ya saa saba itabanduka kavu.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa tatu, Jumamosi ya pili. Alikuwa amejaribu msingi mpya wa maji uliochanganywa na unga laini wa kunyonya mafuta. Akakandamiza tishu, akahesabu, akabandua, akaiinua kwenye mwanga. Doa lilikuwa dogo kuliko kifungo cha shati. Akadhani amekosea, akachukua nyingine. Ilikuwa vilevile.

"Kioo! Kioo, mama yangu! Tumeipata!"

Kioo akajitazama. "Ni kweli, dada. Hata nilivyoamka leo sikuwa nameta."

Mtu mwingine angeyashika maneno hayo. Kabla hajapakwa chochote uso haukumeta, sasa dawa imefanya nini? Lakini Bi Vichupa alikuwa amengoja miaka kumi na moja, na mtu aliyengoja hivyo hasikii kila anachoambiwa. Alimkumbatia mdogo wake mpaka kiti kikataka kuanguka.

Wiki zilizofuata doa lilizidi kupungua. Mwezi wa tano tishu ilibanduka kavu kabisa, safi kama ilivyotoka kwenye boksi. Habari zikasambaa. Wanawake wenye nyuso za mafuta wakaanza kumiminika Jumamosi kumtazama Kioo kama maonyesho: wanasogea, wanamgusa shavu, wanarudi nyuma wakitikisa vichwa. Bi Vichupa aliuza mchanganyiko ule kuliko kitu chochote alichowahi kuuza, na kichwa kikamvimba, tuseme ukweli. Alitembea kwenye ukumbi wa maduka kama mwenye jengo.

Kulikuwa na mambo madogo madogo. Rangi ya Kioo ilianza kusumbua. Ule mchanganyiko wake wa matone manne kwa mawili, uliomkaa miaka yote, ukawa haumkai tena. Ngozi ilikuwa imeingia weusi wa kupauka, na chini ya weusi kuna umanjano. Bi Vichupa akasema ni jua. Akaongeza tone. Mwezi uliofuata akaongeza jingine. Kioo akalalamika kwamba anawashwa mgongoni na mikononi; dada mtu akampa losheni. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba chini. Dada mtu akasema ni uchovu, akamwonyesha namna ya kuficha vile vifuko kwa rangi iliyo juu kidogo ya ngozi. Alivificha vizuri sana. Mikono yake haikuwa na mpinzani kwa kuficha.

Halafu wateja wakaanza kurudi. Wa kwanza alisema mchanganyiko haumfai, Bi Vichupa akamwambia hanawi vizuri. Wa pili akaambiwa anapaka kwa pupa. Wa tatu akaambiwa sponji lake chafu. Wa nne alikuwa mwalimu wa hisabati.

"Bi Vichupa, mimi nimenawa, nimepaka taratibu, na sponji nimenunua kwako. Saa saba mchana uso wangu ni sufuria ya kukaangia."

"Uso wako mkaidi kama wewe."

"Sikiliza. Umewauzia watu wangapi?"

"Wengi."

"Umemkausha nani?"

Bi Vichupa akanyoosha kidole kwenye kiti kirefu, Kioo alikokuwa amekaa ameegemea ukuta, macho nusu yamefumba.

"Mmoja," mwalimu akasema. "Watu wote hao, amekauka mmoja. Basi si dawa iliyomkausha. Angalia huyo mtu wako ana nini."

Bi Vichupa alimtolea uvivu. Alimwambia maneno ambayo hayaandikiki, akamwambia ana wivu, akamwambia akafundishe watoto hesabu zake na kumwachia yeye nyuso. Mwalimu akachukua mkoba wake. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya Kioo, akamtazama kwa muda, akamuuliza kwa upole, "Mdogo wangu, unakula vizuri?" Kioo akatabasamu tu. Bi Vichupa akafunga mlango kwa kishindo.

Tungependa kusema kwamba maneno yale yalimwingia. Yalimwingia, ndiyo, lakini yaliingia kama tusi, na akashinda wiki mbili akilijibu tusi lile mwenyewe kwa mwenyewe huku akipanga vichupa. Katika wiki hizo mbili hakumtazama mdogo wake hata mara moja bila brashi mkononi.

Jumanne moja, mwaka ukiwa umeshageuka, simu ililia kutoka ofisi ya mawakili. Kioo ameanguka mapokezini, katikati ya kumwandikia mgeni. Bi Vichupa alifika hospitali akiwa bado na aproni yenye madoa ya rangi, akamkuta mdogo wake kitandani, muuguzi anamfuta uso kwa pamba yenye maji. Faundesheni ilitoka tabaka kwa tabaka, na chini yake ukatokea uso ambao Bi Vichupa hakuwa ameuona mtupu kwa muda mrefu, kwa kuwa kila alipouona alikuwa tayari anaupima. Ulikuwa wa kijivu, umevimba, umekauka mpaka unatoka magamba kwenye nyusi. Alisimama mlangoni mwa wodi akataka kurudi nyuma.

Daktari alikuwa kijana, mchovu, asiye na maneno mengi. Alimkalisha ofisini akamwambia figo zote mbili zimekufa. Ugonjwa haukuanza jana. Umekuwa ukila taratibu.

"Ngozi yake," akauliza akiandika, "imekuwa kavu tangu lini?"

"Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu mwaka jana."

Kalamu ikasimama. Watu huwa wanajibu kwamba ni muda kidogo, au hawakumbuki.

"Una uhakika?"

"Nimebandika ukutani," Bi Vichupa akasema, kisha akasikia alichosema. Akamweleza yote, tishu, penseli, madoa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na haki ya kushangaa lakini hakushangaa, na hilo lilimuuma zaidi. Alimweleza kwamba figo zikichoka, ngozi ya mtu huacha kutoa mafuta na jasho, inawasha, inabadilika rangi. Wengi hawaoni kwa kuwa hakuna anayeitazama ngozi yao kila wiki.

"Tungewahi?"

Daktari akatazama karatasi zake. "Mwaka jana tungeweza kuzichelewesha zisife. Miaka kadhaa, pengine."

Alijitolea kutoa figo yake siku ileile, akakunja na mkono wa gauni kana kwamba itatolewa palepale. Wakampima siku tatu. Wakamwambia shinikizo lake la damu liko juu mno, na figo zake mwenyewe zinahitaji kuangaliwa. Ndugu wengine hawakuwapo. Kioo akapangiwa mashine ya kusafisha damu, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Mashine yenyewe haikumkaa vizuri. Kila wiki alitoka amepungua. Daktari aliacha kusema habari za miezi ijayo, akawa anazungumzia Alhamisi tu.

Bi Vichupa alifunga duka. Ile siku ya kufunga alibandua tishu zote ukutani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, zikamjia mkononi kwa mpangilio wa tarehe. Alikaa sakafuni nazo. Madoa makubwa, madoa makubwa, kisha yale ya mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Yeye mwenyewe ndiye aliyezungushia penseli, kwa mkono usiotetemeka, ugonjwa wa mdogo wake, na chini ya ile tishu kavu ya mwezi wa tano alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, SAFI SANA. Alilia kwa sauti mpaka fundi saa wa duka la pili akaja kugonga. Kisha akazichana, na kuzichana hakukumsaidia kitu.

Siku za mashine alikaa kwenye stuli kando ya kitanda. Mwanzoni Kioo alikuwa akimtania. "Dada, leo niko matone mangapi?" Vichupa sitini, na hakukuwa na mchanganyiko wa rangi ile, na hata kama ungekuwapo dada mtu asingethubutu kumgusa nao. Akawa anamkanda miguu tu. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki.

Alhamisi moja Kioo alikuwa ametulia kuliko kawaida. Mrija ulikuwa umefungwa kwa plasta kwenye mkono, na mashine inazunguka taratibu.

"Dada, nikuambie kitu, usikasirike."

"Sema, mama."

"Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikwenda zahanati ile karibu na ofisi. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, viatu havinitoshi. Wakaniandikia karatasi nikapime damu na mkojo. Maabara yao ilikuwa Jumamosi asubuhi tu."

Bi Vichupa akaacha kukanda. "Ukapima?"

"Nilipitia dukani kwanza kukuambia nitachelewa. Kulikuwa na wateja wamekuja kuniona, kama watano hivi. Ukanishika mkono ukanikalisha, ukasema watu wanasubiri, hiyo safari itangoja."

"Sikujua ni ya nini. Hukuniambia ni ya nini!"

"Nilikupa, dada. Karatasi yenyewe nilikupa mkononi." Kioo alitabasamu kidogo, midomo imepasuka. "Ukaifutia brashi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ikawa imejaa rangi, nikaona aibu kuirudisha zahanati vile ilivyo. Halafu uso ulikuwa umekauka, na wewe ulikuwa na furaha. Sikuwahi kukuona na furaha vile tangu mama afe."

Bi Vichupa akamfunika Kioo miguu kwa shuka.

"Usilie. Hata mimi sikuipa uzito."

Hakulia. Alikuwa anaitafuta ile karatasi. Alijaribu kuikumbuka kwa nguvu zake zote, ilikuwa nyeupe au ya njano, iliandikwa kwa mkono au kwa mashine, Kioo aliinyoosha kwa mkono upi. Wale wateja watano aliwakumbuka wote. Kulikuwa na muuza viatu mwenye chunusi kidevuni, matone matano kwa moja. Kulikuwa na mke wa fundi bomba, ngozi nyekundu chini, matone matatu kwa matatu na nusu tone la njano. Kulikuwa na dada wawili waliokuja pamoja, na mama mmoja wa makamo aliyeuliza kama anaweza kumgusa Kioo shavu. Aliikumbuka hata rangi aliyoifuta kwenye brashi. Karatasi hakuikumbuka kabisa.